Wazalendo Wamepigwa Hamsini na Mbili

Jumanne, 26 Septemba 1972

Mke wangu Felicitas ameniuliza daftari hili jipya ni la nini, wakati madaftari ya stoo yamejaa kazini. Nimemwambia ni la usalama. Amecheka, akaendelea kuchambua maharage.

Tangu ndege za Amini zitudondoshee mabomu, kila mtu hapa Mwanza anatembea akitazama juu. Jana Katibu wa tawi letu, ndugu Chenge, alituita mabalozi wote wa nyumba kumi, akatuambia tuache kutazama juu, tutazame pembeni. "Balozi asiyejua jirani yake kala nini na kasikiliza redio gani, huyo si balozi, ni mpangaji tu." Wenzangu walicheka. Mimi yaliniingia. Mimi Cleophace Rutashobya, Mhaya wa Kamachumu, karani wa stoo ya pamba, balozi hapa Mabatini mwaka wa tatu sasa. Magunia nimeyaandika miaka kumi na minne. Sasa naanza kuandika watu.

Nyumba tisa sina wasiwasi nazo. Wasiwasi wangu ni nyumba ya sita. Anakaa Mayala, fundi redio, kapera, Msukuma wa Magu, miaka ishirini na saba hivi. Adabu anayo, shikamoo haimpiti. Lakini redio anazo nane pale barazani. Najua ni za wateja. Hata hivyo nane ni nyingi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa naelekea chooni, nikasikia Kizungu kinakoroma nyumba ya sita. Mayala kainama, sikio limegusa redio, penseli mkononi. Nikamkoholea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unasikiliza nini alfajiri yote hii?"

"Habari za dunia tu, mzee." Na mkono ukalifunika daftari. Niliuona.

Sikwenda chooni. Nilisimama nyuma ya kibanda cha kuku, na mara akaja Mhoja wa nyumba ya saba, fundi baiskeli, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu asiyejua hata kuandika jina lake. Hakusalimia. Alisema neno moja: "Pomboo?"

"Kumi na sita," Mayala akajibu. "Maharamia kumi na nne. Ilikuwa kidogo tu."

Mhoja akachekelea, akarudi kwake. Nimemwuliza mke wangu pomboo ni nini. Anasema ni samaki mkubwa wa baharini, huko pwani. Ziwa letu halina pomboo.

Jumanne, 3 Oktoba

Mvua bado. Vumbi tupu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimechomoa waya mmoja kwenye redio yangu mwenyewe, nikampelekea Mayala aitengeneze. Shabaha yangu ilikuwa kuingia ndani.

Ukutani kuna karatasi kubwa. Viduara kumi na kimoja vimepangwa mstari, mbele yake misalaba kumi na mmoja, halafu mishale inayotoka kwenye viduara kuizunguka misalaba. Chini yake imeandikwa: Machifu 10, Pomboo 20.

Machifu. Nchi hii machifu tulishawafuta, na mjomba wake Mayala, kwa habari nilizo nazo, alikuwa mwanangwa, kiongozi wa kijiji enzi za watemi. Nikamwuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, huo mchoro wa nini?"

"Mchezo, mzee. Mpira wa Wamarekani. Padri Antoni aliniachia magazeti yake, ndiyo nikaupenda. Unachezwa kwa mikono."

"Mpira unachezwa kwa mikono?"

"Mikono zaidi. Na wanavaa kofia ngumu, wanagongana. Mpira wenyewe una umbo la yai."

Nina miaka arobaini na minane. Nimecheza mpira seminarini, namba tano. Kijana huyu ananiambia mpira ni yai, unadakwa kwa mikono, na wachezaji wamevaa kofia kama za askari vitani, na anataka nikubali. Nilisema "haya," nikalipia waya wangu.

Nyumbani nimeuchora ule mchoro kwa kukumbuka. Nimeugeuza mara nne. Ukiuweka hivi unafanana na gati. Ukiugeuza unafanana na kivuko cha Kigongo, mishale ikitokea upande wa Busisi. Ukiupindua kabisa unafanana na stoo yetu ya pamba, na mimi meza yangu iko pale penye msalaba wa tatu.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa nilimwulizia Padri Antoni. Ameondoka Alhamisi kwenda kwao Marekani, mama yake mgonjwa, atarudi Januari. Yaani shahidi pekee wa kijana huyu kaondoka siku tatu kabla sijauliza.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nyuma ya kibanda cha kuku, saa kumi na mbili. Mayala: "Pomboo wamezitungua Ndege. Ishirini na saba kwa kumi na saba."

Hapa nimechanganyikiwa. Kama Pomboo wanatungua ndege, basi wako upande wetu? Au ni ndege zetu?

Jumatatu, 16 Oktoba

Mambo yanazidi. Nayanukuu kama nilivyoyasikia.

Mayala: "Yule kijana kavunjika mguu."

Mhoja: "Uwongo. Kiongozi mwenyewe?"

"Mwenyewe. Wamemwangukia wawili. Kaingia mzee Morali, ana miaka thelathini na minane."

"Si ndiye waliyemtupa kule Baltimore, wakasema kazeeka?"

"Huyo huyo. Na ameshinda."

Kwa hiyo wana kiongozi, kiongozi kaumizwa, na sasa kuna mzee anaongoza. Miaka thelathini na minane si mzee, lakini ndivyo walivyosema.

Jumatano, 18 Oktoba

Nimepita zahanati tatu. Hakuna kijana aliyeletwa na mguu uliovunjika wiki hii, ila bibi mmoja wa Kiseke aliyeanguka na ndoo.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua ya kwanza. Bati letu linavuja palepale, juu ya kitanda. Pomboo 24, Nyati 23.

Alhamisi, 26 Oktoba

Binti yangu Immaculata kaongezewa wanafunzi wa kisomo. Ana miaka ishirini, mpiga chapa ofisini kwa Wahindi, na jioni tatu kwa wiki anajitolea kufundisha watu wazima kusoma. Mimi kama balozi najivunia. Nimemwambia ahakikishe anamkamata Mhoja, maana katika nyumba zangu kumi ni yeye tu ambaye hajatia mguu darasani, ananiharibia hesabu yangu tawini.

"Mhoja anasoma, baba," akasema.

"Anasoma wapi? Shuleni hajaonekana."

"Anaona aibu kukaa na watoto wa watu. Namfundisha kivyake."

Nilitaka kuuliza kivyake ni wapi, lakini mama yake akaniambia nile kwanza. Halafu Felicitas akasema, kama mtu anayesema na sufuria, "Mwanao siku hizi anacheka sana."

Jumamosi, 28 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Jioni mvua ilinikuta karibu na nyumba ya sita, nikajibanza ukutani chini ya dirisha. Ndani walikuwa wanabishana, Mayala na Mhoja, sauti juu.

"Hawajafungwa mwaka huu, wote wanaokutana nao wanalia," Mhoja alikuwa anasema. "Hakuna timu kubwa kuliko Pomboo. Basi."

"Mechi sita tu hizo, Mhoja. Wapakizi walichukua ubingwa mara tano ndani ya miaka saba. Mara tano. Na fainali kubwa mbili za kwanza, zote zao."

"Hao walikuwa wanacheza na watu wamelala."

"Mtu aliyelala unamgonga hivyo anaendelea kulala?"

Ndipo ikaja sauti ya tatu, ya kike, tulivu. "Ninyi mnabishania timu. Mimi nasema mtu mmoja tu, Jimu Brauni. Miaka tisa alicheza, minane kati ya hiyo ndiye aliyekimbia yadi nyingi kuliko wote. Na aliacha mwenyewe, akiwa bado na nguvu zake. Nani mwingine aliweza kuacha?"

Ilikuwa ni Immaculata.

Maji yalinipita shingoni mpaka kwenye kitovu, sikusogea. Binti yangu niliyemlea, niliyemfundisha a e i o u kwa chaki juu ya sakafu, yuko ndani kwa kapera wa Kisukuma anamsifu mwanamume simjui. Nilirudi nyumbani nimelowa. Felicitas akanipa kanga nijifute.

"Kama kuna kitu unataka kujua," akasema, "muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Sikumwuliza. Balozi haulizi, balozi anachunguza. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, na wakati najibu nilijiona mtu wa maana sana.

Jumapili, 29 Oktoba

Misa. Immaculata kaimba kwaya. Mayala alikuwepo, na yeye ni Mlutheri.

Jumatatu, 6 Novemba

Pomboo 30, Nyati tena, 16. Nimefanya hesabu: tangu Septemba Pomboo hawajashindwa hata mara moja. Wanatoka majini. Upande wa pili wa maji haya kuna nani? Uganda. Naandika tu.

Jumatatu, 13 Novemba

Leo nimefanya kazi ya balozi. Naandika kwa urefu ili siku yoyote nikiulizwa niwe na jibu.

Saa kumi na mbili kamili nilikuwa mahali pangu. Redio ilikoroma muda mrefu, halafu Mayala akapiga kelele ya furaha, sijawahi kumsikia hivyo. Mhoja akatoka mbio na kifua wazi.

"Wazalendo wamekwisha," Mayala akasema. "Hamsini na mbili bila."

"Bila?"

"Bila. Hata moja hawakupata. Wamechinjwa, Mhoja, wamechinjwa kama kuku wa Krismasi."

Wakashikana mikono wanacheka. Na hapohapo Immaculata anapita kwenda kazini na mwavuli wake, Mayala akamwambia, "Mwalimu, Wazalendo hamsini na mbili bila," na mwanangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi ni mtu mzima, nimeona mambo. Lakini kuwasikia watu watatu wa nyumba zangu wanashangilia wazalendo kuchinjwa, miezi miwili haijatimia tangu mabomu, kulinizidi. Sikunywa chai. Nilikwenda moja kwa moja tawini, nikaandika taarifa ya kurasa tatu, mwandiko wa stoo, safi. Redio ya alfajiri. Namba. Mchoro wa mishale. Machifu. Kiongozi aliyevunjika mguu. Mzee aliyechukua uongozi. Wazalendo hamsini na mbili.

Ndugu Chenge alisoma mara mbili. "Wamechinjwa, alisema?"

"Kwa mdomo wake."

"Nani wengine walikuwepo?"

"Fundi baiskeli mmoja, mtu mjinga tu, hajui kusoma."

"Wengine?"

"Hapana."

Jina la binti yangu sikuliandika. Halikuhusu.

Jumanne, 14 Novemba

Wamekuja saa sita mchana, watu wanne na gari. Wamechukua redio zote nane, mchoro, magazeti na daftari. Mayala hakubisha. Mhoja alisimama mlangoni kwake ameshika gurudumu la baiskeli, analizungushazungusha.

Mayala alipopita mbele yangu akasema, "Shikamoo mzee."

Nikaitikia marahaba. 

Jumatano, 15 Novemba

Immaculata hajala tangu jana. Ameniuliza swali moja tu, amesimama, mkoba begani. "Baba, umeandika nini kule?"

Nimemwambia mambo ya usalama si ya wanawake. Mama yake kaondoka chumbani.

Alhamisi, 16 Novemba

Niliitwa tawini kuthibitisha vielelezo. Chenge alikuwa na mtu mwingine wa makamo, suti ya Kichina, hakutaja jina. Walinisogezea daftari la Mayala.

Halikuwa la Mayala. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka, za mtu anayeshika penseli kama bisibisi: DAFTARI LA KISOMO. JINA: MHOJA. Ukurasa wa pili: Pomboo 34, Wachimba Mafuta 13. Tofauti ni 21. Kalamu nyekundu imeweka alama ya vema. Wa tatu: Pomboo 16, Mahalamia 14. Kalamu nyekundu imekata, imeandika pembeni: "r, siyo l. Andika mara tano." Na kweli kaandika mara tano, Maharamia, Maharamia, ya tano imenyooka kabisa. Ukurasa wa mwisho ni wa Jumatatu ile ile: Wazalendo 0, Pomboo 52. Chini yake, kwa nyekundu: "Vizuri sana, ndugu Mhoja. Sasa andika sentensi nzima bila kunakili."

Na Mhoja ameandika: Wazalendo wamefungwa lakini wataludi.

Kalamu nyekundu ilikuwa haijafika hapo kusahihisha.

Kijana aliniambia ukweli ile siku ya kwanza ukutani kwake. Mchezo, mzee. Nilielewa pale kwenye kile kiti, na mtu wa suti ya Kichina ananitazama. Waliyageuza majina ya timu za Wamarekani kuwa Kiswahili ili Mhoja asome lugha yake. Mhoja niliyekuwa namlalamikia kila mkutano.

"Balozi," Chenge akasema, "huu mwandiko mwekundu unaujua?"

Ninaujua. Ile d yenye tumbo, niliikemea miaka mitatu, haikubadilika. Ningesema "ni wa binti yangu, mwalimu wa kisomo, mimi nimekosea," Mayala angelala kwake leo hii hii. Lakini niliona gari lile lile limesimama mlangoni kwangu, wanamtoa Immaculata na mwavuli wake. Na niliona pia, nisijidanganye, Chenge anawasimulia mabalozi wenzangu jinsi Rutashobya alivyoripoti daftari la mwanawe.

"Siujui," nikasema.

Wakaandika kwamba siujui. Nikatia sahihi.

Ijumaa, 17 Novemba

Mvua kutwa nzima.

Jumamosi, 18 Novemba

Sikuandika yote juzi. Ile taarifa ya kurasa tatu, nusu yake haikuwa ya usalama. Ilikuwa ya lile dirisha, siku ya mvua, na sauti ya binti yangu ndani. Nilitaka kijana yule aondoke nyumba ya sita na sikuwa na sababu, ndipo nikapata Wazalendo.

Jumatatu, 20 Novemba

Immaculata hakwenda kazini. Alikwenda tawini peke yake saa mbili asubuhi, akasema mwandiko mwekundu ni wake. Alikaa huko mpaka saa nane. Nimeyapata kwa Chenge mwenyewe, alinifuata stoo, hakukaa.

"Mwanao kanieleza ule mchezo mpaka nitaota ninaucheza," akasema. "Nimemwuliza kwa nini Wazalendo walipigwa hamsini na mbili, akanijibu kwamba ni wabovu mwaka huu. Nimemwonyesha sahihi yako pia, Balozi. Kwamba mwandiko huujui."

"Alisema nini?"

"Aliisoma tu."

Jumamosi, 25 Novemba

Mayala karudi, siku ya kumi na mbili. Kakonda na amenyolewa. Redio za wateja zimerudishwa, yake ya mawimbi mafupi imebaki "kwa uchunguzi". Nilikwenda kumpa pole. Alinipa kiti, akanishukuru kwa kufika.

"Karibu tena, Balozi," akasema. Siku zote alikuwa ananiita mzee.

Jumatatu, 27 Novemba

Nyumba ya sita kimya.

Jumatatu, 4 Desemba

Kimya. Mhoja nimemkuta anaziba pancha. Nimemwuliza kisomo vipi. "Nimeacha, Balozi. Macho yangu mabovu." Macho yake yanaona tundu la sindano kwenye mpira wa baiskeli.

Ijumaa, 8 Desemba

Sikukuu ya Mama Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Immaculata, somo wa binti yangu. Mama yake kapika ndizi na nyama. Immaculata kala, kashukuru, kaosha vyombo. Nyumbani ananijibu kila ninachouliza: ndiyo baba, hapana baba, sijui baba. Hajanikosea adabu hata kidogo. Ningefurahi anikosee.

Jumatatu, 18 Desemba

Leo nimegundua kitu cha aibu. Saa kumi na mbili niliamka nikaenda kwenye kibanda cha kuku, nikasimama. Redio hakuna, watu hakuna. Nilisimama pale nataka kujua kama Pomboo wamefungwa.

Jumatano, 27 Desemba

Nimeazima redio ya mawimbi mafupi kwa Ngosha, mwenzangu wa stoo. Ameniuliza ya nini. Nimemwambia habari za dunia.

Jumatatu, 1 Januari 1973

Nimeipata. Sikio kwenye redio, penseli mkononi, Felicitas ananitazama kutoka kitandani. Pomboo 21, Wezi 17. Nimekosa jina la mji. Mechi kumi na sita, hawajafungwa. Nilikaa na hiyo habari kutwa nzima kama mtu aliyebeba yai mfukoni, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Jumatatu, 8 Januari

Hakuna matokeo leo. Fainali ni wiki ijayo. Mvua imekatika.

Jumatatu, 15 Januari

14 kwa 7. Wamemaliza msimu mzima, mechi kumi na saba, hakuna aliyewafunga. Nilisema "naam" kwa sauti. Felicitas akaniambia nimekuwa mgonjwa.

Ijumaa, 19 Januari

Padri Antoni amerudi, mama yake hajambo. Nilimkuta parokiani, nikamweleza yote, hata sahihi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikupewa kitubio kwa sababu sikuwa kwenye kiti cha maungamo.

Halafu nikamwuliza kuhusu wale Wezi. Akashangaa, nikamwambia jina nililolisikia redioni. Alicheka mpaka akavua miwani. Si wezi, maneno hayo mawili kwa Kizungu husikika sawa; ni wafua chuma, kazi ya mji wao. Na ni timu ya kwao yeye. Ndipo akanitolea kipande cha gazeti.

Ilikuwa siku mbili kabla ya Krismasi. Wafua Chuma wako nyuma pointi moja, zimebaki sekunde ishirini na mbili tu. Mpira ukarushwa, watu wawili wakagongana, ukaruka kinyumenyume unaanguka, kila mtu kakata tamaa, na kijana mmoja, Franko Harisi, akaudaka karibu na nyasi kabisa, akakimbia nao mpaka mwisho. Padri alikuwa anasikiliza redio kando ya kitanda cha mama yake. Mpaka leo wanabishana mpira ulimgusa nani.

"Na unajua wameuitaje mdako ule?" akaniuliza. "Wameupa jina la Mkingiwa. Immaculata."

Nimekiomba kile kipande. Amenipa.

Jumamosi, 20 Januari

Leo saa kumi jioni nimevaa shati la Jumapili, nikaenda nyumba ya sita. Sikuwa nimeitwa. Kabla ya kufika niliwasikia, wote watatu, Mayala, Mhoja na mwanangu, wanabishana kama zamani. Mhoja alikuwa anasema Pomboo lazima wamechukua, hata bila redio anajua. Moyo wangu ulifurahi, nakiri. Niliongeza hatua.

Nilipotokea mlangoni walinyamaza. Wakasimama. Mayala akafuta kiti kwa kitambaa.

"Karibu Balozi."

Nikakaa. Nikawaambia: kumi na nne kwa saba, Pomboo mabingwa, kumi na saba bila kufungwa. Nilidhani Mhoja ataruka. Mhoja alimtazama Mayala.

"Asante kwa taarifa, Balozi," akasema.

Nikatoa kipande cha gazeti, nikawasimulia mdako kuanzia kurushwa mpaka kukimbia, nikasimama hata nikaonyesha kwa mikono jinsi alivyoinama. Nikampa Immaculata asome jina. Alilisoma. Akakikunja vizuri kwa mikunjo yake ileile, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Ni habari nzuri, baba."

Nilipaswa kuondoka hapo. Lakini nilikuwa na hamu, nilikuwa na hoja zangu, wiki nzima nimekuwa nikizipanga njiani kwenda stoo. "Basi nisaidieni," nikasema. "Hawa Pomboo wasiofungwa, na wale Wapakizi wa mara tano. Nani mkubwa?"

Mhoja aliinamia vidole vyake. "Wote wazuri, Balozi."

"Mayala?"

"Wote wazuri."

Nikamgeukia binti yangu. Nilimwambia, "Wewe si ulisema Jimu Brauni? Miaka minane kati ya tisa, na akaacha mwenyewe?"

Alinitazama. Hakuwahi kuniambia habari hizo, na nikaona anapiga hesabu nilizisikilizia wapi.

"Wote wazuri, baba," akasema.

Niliaga, wakanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Kwenye kona nilisimama, nikawasubiri waanze tena. Nilisubiri mpaka jua likashuka nyuma ya mawe, halafu nikaelewa kwamba na wao walikuwa wananisubiri niondoke.